Ngitili: Nani Anafunga, Nani Anafungua

Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni. Nanyi wanafunzi mliojaa huko nyuma, habari za asubuhi.

Mada mliyonipa ni ndefu: jinsi jamii inavyoweza kuitegemea asili ili ihimili mabadiliko ya tabianchi. Nitaibana iingie kwenye neno moja la Kisukuma, ngitili. Nimelijua tangu utoto, na kila ninapoitwa kuzungumzia ukame hujikuta nimerudi pale pale.

Kwa asiyelijua, ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe hawaingii. Majani yanakua, yanakomaa, yanakauka yakiwa yamesimama. Kiangazi kikikaza, nje kukiwa vumbi tupu, ndipo inafunguliwa. Hapo hawaingii wote kwa pamoja. Wanatangulia ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, wagonjwa na maksai, maana maksai wakikonda, mvua ijayo hakuna wa kuvuta plau. Mtu aliyebuni utaratibu huo hakuwahi kusikia neno tabianchi, lakini alijua kwamba mwaka mbaya unakuja, na kwamba maandalizi yake hufanywa katika mwaka mzuri.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Kuni zilikuwa mbali mno. Nataka mlifikirie jambo hilo, ninyi mnaosoma kilimo: mbolea ya shamba inachomwa chini ya sufuria kwa sababu mti hakuna, shamba linachoka, mwaka unaofuata mama analima eneo kubwa zaidi apate mtama ule ule, na kwa kulima zaidi anafyeka vichaka vilivyobaki. Hakuna mvivu wala mjinga katika hadithi hiyo. Kila mtu anafanya linalowezekana siku hiyo.

Tulifikaje huko? Mkoa wetu huu wa Shinyanga ulikuwa nchi ya migunga na miombo. Wakati wa Waingereza misitu ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, inzi wanaoambukiza mifugo na watu magonjwa. Shinyanga palikuwa kituo cha utafiti wa mbung'o kilichojulikana duniani. Vichaka vikaondoka kwa maelfu ya hekta, watu na mifugo wakafuata, kisha likaja zao la pamba. Halafu katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini. Sisemi haya kuwalaumu waliotangulia, shule na zahanati tulizipata kwa njia hiyo. Lakini ngitili zilibaki kwenye mahame. Mwenyewe kahamia kijijini, ngitili iko mbali, nani ailinde? Wapitao wakalisha, wakakata. Mwalimu Nyerere alipopita mwaka 1984 alishtushwa na alichokiona, na watu walishauita mkoa huu jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mkoa wa wakati ule ulikuwa mpana, ukichukua Maswa, Meatu na Bariadi ambazo leo ziko Simiyu, na Bukombe iliyo Geita. Miaka ya mwanzo nguvu iliwekwa kwenye bustani za miche, nyingi ikiwa ya miti ya kigeni. Mche unahitaji maji, unahitaji uzio, unahitaji mtu wa kuufukuzia mbuzi, na yote hayo yanahitajika kiangazi, wakati mwenyewe hana maji ya kunywa.

Wataalamu wa mradi ule nawapa heshima kwa jambo moja: waliuliza. Waliwauliza wazee, zamani mlikuwa mnafanyaje? Wazee wakajibu, tulikuwa tunafunga. Na kumbe chini ya ile ardhi iliyoonekana imekufa, visiki na mizizi ya migunga ilikuwa hai. Ilikuwa inachipua kila mvua na kuliwa kila kiangazi. Ukiifunga ardhi ile misimu michache tu, mti unapanda wenyewe, kwa mizizi iliyokwisha kuyafikia maji. Mche wa bustanini hauwezi kushindana nao.

Ngitili zilizofahamika mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilihesabiwa zaidi ya hekta 350,000 katika vijiji 833. Utafiti uliofanyika kipindi hicho ulikadiria kwamba kuni, asali, dawa, majani ya kuezekea na malisho vilimpa mtu thamani ya dola 14 kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini yalikuwa dola 8.50. Mama aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni alipata saa zake. Ndege walirudi, na kwa bahati mbaya fisi nao walirudi. Mzee aliyepoteza mbuzi watatu kwa usiku mmoja ana haki ya kuuliza faida ya miti ni ya nani, na swali lake lijibiwe kwa fidia, si kwa semina.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Mara nyingi hekta hizo husimuliwa kama habari ya miti. Mimi naisimulia kama habari ya mamlaka. Ngitili inasimama kwa sababu kuna mtu anayeweza kusema "imefungwa" na akasikilizwa. Palikuwa na dagashida, mkutano wa wote, unaotunga sheria za mahali. Palikuwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wa kuzisimamia. Aliyeingiza ng'ombe alijua atatozwa nini, na aliyemtoza ni jirani yake, mtu watakayekutana naye msibani. Baadaye mambo hayo yaliingizwa kwenye sheria ndogo za vijiji ili hakimu naye azitambue. Bila hayo, hekta 350,000 zingelishwa kwa kiangazi kimoja.

Kwa hiyo ninapoona leo fedha za tabianchi zikipimwa kwa idadi ya miche iliyopandwa siku ya sherehe, naumia. Tuulize kijiji kimepimwa au hakijapimwa. Tuulize mpango wa matumizi ya ardhi upo, na wafugaji walikaa kwenye kikao kilichoupitisha au waliletewa tu kusaini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu yote haya. Kinachokosekana mara nyingi ni fedha ya kumpeleka mpima ardhi, na hiyo haina picha nzuri ya kupiga.

Wala ngitili si paradiso. Takriban nusu ni za watu binafsi au vikundi, na mwenye ng'ombe wengi na ardhi kubwa ndiye anayefunga eneo kubwa. Asiye na ardhi hufungiwa nje ya majani aliyokuwa akilisha mbuzi wake wawili. Mjane anaweza kuambiwa ngitili ya mumewe ni ya ukoo. Kijiji kikifunga eneo la wote, ni lazima kiseme wazi asiye na kitu ataingia lini, kwa masharti gani. Vijiji vinavyouza majani ya kiangazi na kujengea madarasa vimeanza kulijibu hilo, na huko ndiko ningewatuma ninyi wanafunzi kwa utafiti wenu.

Kuna tatizo jingine linalonikosesha usingizi, nalo ni urithi. Mzee ana ngitili ya ekari 20 na watoto wa kiume watano. Akifa, wanagawana ekari nne nne. Ekari nne haziwezi kufungwa, ng'ombe wa jirani wameshaingia kabla hujageuka. Mmoja anachoma mkaa auze, wa pili analima, na kufikia kiangazi cha tatu zile nyingine nazo zimeisha. Nimezijua familia zilizokubali kuandikisha hati moja ya kumiliki ardhi kimila kwa majina ya wote, mabinti wakiwemo, na wakaweka kwa maandishi kwamba ngitili haigawanywi, bali yanagawanywa majani. Kikao cha kufikia hapo huchukua siku kadhaa na huwa kuna kugombana. Nimekuja na nakala ya makubaliano ya namna hiyo, majina yameondolewa. Naomba tuisome pamoja kifungu kwa kifungu, kisha wazee waliokaa mbele watuambie kipi wangekikataa.