PhD ya falsafa ukiwa Tanga, nani atakubishia?

Kabla sijashika maiki kijana mmoja kanifuata, mwalimu, nikisoma PhD ya falsafa kwa masafa, yaani chuo kiko mbali mimi niko nyumbani, vitabu ntatoa wapi? Jamani, vitabu vipo. Ensaiklopidia ya falsafa ya Stanford iko kwenye intaneti tangu 1995, bure, unaisoma kwenye simu umekaa zako Ngamiani. Mimi kila siku nauliza kingine, nani atakubishia?

Nawapa la kwangu. Nilikuwa naandika sura ya tasnifu yangu kuhusu ahadi, miezi minane, kurasa 40, nimejifungia chumbani Chumbageni. Nimeshika mfano wa Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, wa 1785, yule mtu anayekopa hela na kuahidi atarudisha huku anajua kabisa hawezi, nikajenga juu yake kwamba kila anayevunja ahadi ni mwongo. Msimamizi wangu yuko nje huko, imeili inajibiwa baada ya wiki sita, neno moja tu, endelea. Basi jioni moja niko kwenye kahawa barabara ya 12 naeleza hoja yangu, mzee mmoja nahodha akanisikiliza mpaka mwisho akasema, mwanangu, nimemwahidi mke wangu narudi Ijumaa, kusi ikavuma bahari ikachafuka nikalala Pemba, je nimemdanganya?

Nilikosa jibu. Manake yule wa Kant ni mwongo tangu anafungua mdomo, nahodha kaahidi kwa moyo safi halafu kashindwa kutimiza, na pengine hana hata kosa, ni mambo mawili na mimi nimeyapika chungu kimoja kurasa 40 nzima! Sura niliivunja yote.

Mtaniambia Kant naye alikaa mji mmoja karibu maisha yake yote. Sawa, ila hakuwa anakula peke yake, mchana mezani kwake wageni na mazungumzo, na 1798 akaandika kabisa kwamba kula peke yako si afya kwa mtu wa falsafa. Sasa wewe wa masafa unakaa miaka mitano hujapingwa, unakuja kupingwa na watahini siku ya kutetea tasnifu, hapo umechelewa ndugu yangu.

Na hili la kusema digrii ya masafa ni daraja la pili mimi linanichosha. Chuo Kikuu cha London kinatahini watu wa mbali tangu 1858, Mandela kapata shahada ya sheria ya UNISA, chuo cha masafa cha Afrika Kusini, 1989 bado yuko kifungoni, Chuo Kikuu Huria chetu kilianzishwa kwa sheria ya 1992. Tuache hilo.

Naona naonyeshwa saa. Ada basi siku nyingine, lakini chuo cha nje usikitumie hata shilingi kabla hujauliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kama kinatambulika. Wale wanne mlionyoosha mkono kwamba mnasoma, msitoke humu bila kupeana namba. Alhamisi baada ya magharibi, mmoja analeta kurasa tano, wengine tunampinga. Nahodha nimeshamwambia, anakuja.