Daraja lililochelewa linavyokula mafao yako

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Rehema, muuguzi, na nipo na Mzee Kassim, afisa utumishi mstaafu wa halmashauri. Leo tunazungumza mshahara wa mtumishi wa umma hapa Tanzania, kuanzia slipu hadi kiinua mgongo, na hasa daraja, yaani ngazi ya cheo na mshahara, na tukipata muda tutagusa na nidhamu. Mzee wangu, shikamoo.

KASSIM: Marahaba mwanangu. Watumishi mliopo zahanati, shuleni na kwenye ofisi za kata, poleni na majukumu.

REHEMA: Naanza na ujumbe wa dada mmoja kutoka Kanda ya Ziwa. Anasema, "Tulitangaziwa asilimia 35.1. Slipu yangu ya Julai haijafika hata nusu ya hiyo. Nani amenikata?"

KASSIM: Hajakatwa na mtu. Mei Mosi ya 2025, pale Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Hiyo ndiyo 35.1. Ni ya kima cha chini. Ngazi za juu yake zinaongezwa kwa viwango vingine, kadiri bajeti inavyoruhusu.

REHEMA: Lakini mtaani inasikika "mishahara imepanda kwa asilimia 35".

KASSIM: Na ndivyo ilivyokuwa 2022. Ikatangazwa 23.3, kima cha chini kikatoka 300,000 hadi 370,000. Ilipofika Julai, watu wakafungua slipu, kelele nchi nzima. Mimi nasema anayetangaza awajibike kuweka jedwali lote hadharani siku hiyohiyo, ngazi kwa ngazi. Mtumishi asiwe anasubiri tarehe 23 ndipo ajue ameongezewa nini. Kuna watu walishaahidi ada za watoto kwa hesabu ya 35.

REHEMA: Na mwenye duka amesikia tangazo lilelile, mchele umeshapanda kabla ya mshahara. Hebu tuichambue hiyo 500,000, maana watu wanaona ni laki tano za kutia mfukoni.

KASSIM: Andika. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 5, hiyo 25,000. Bima ya afya asilimia 3, 15,000. Ada ya chama, tuseme asilimia 2, 10,000. Kodi sasa: unaondoa kwanza mchango wa pensheni, inabaki 475,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, inayozidi hapo inatozwa asilimia 8. Inakuja 16,400. Mkononi inabaki 433,600.

REHEMA: Kama hana mkopo wa elimu ya juu.

KASSIM: Akiwa nao, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inaondoka, 75,000 nyingine. Amebaki na 358,600 kabla hajagusa mkopo wa benki.

REHEMA: Halafu benki ndiyo ya kwanza kumgongea mlango. Akishabanwa na benki anakimbilia kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Nimeona wenzangu kazini wanaacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji. Mshahara ukitoka, mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine, yeye anapewa chenji.

KASSIM: Na kanuni ipo wazi: baada ya makato yote mtumishi abakiwe na angalau moja ya tatu ya mshahara wake wa msingi. Kanuni hiyo inaangalia makato yanayopita kwenye mfumo wa mishahara. Kausha damu hapiti huko. Anachukua kadi, basi.

REHEMA: Hilo tutalirudia siku nyingine kwa kirefu, maana linaumiza watu sana. Leo nataka tukae kwenye daraja. Mzee, wewe umefanya kazi ya kuandaa zile barua za kupandisha watu miaka mingi. Kwa nini unasema daraja ni kubwa kuliko nyongeza?

KASSIM: Kwa sababu nyongeza ya Mei Mosi inasikika, ila daraja ndilo linalokuinua kutoka safu moja ya mshahara kwenda nyingine. Na daraja linakufuata hadi siku unaingia kaburini, kwa njia ya pensheni. Watu wengi hawalioni hilo mpaka wamebakiza mwaka mmoja kustaafu.

REHEMA: Tufanyie hesabu, taratibu.

KASSIM: Chukua mtumishi aliyechangia miezi 360, yaani miaka 30. PSSSF wanatazama miaka kumi ya mwisho ya utumishi wake, wanachukua mitatu yenye mshahara mkubwa zaidi, wanatafuta wastani. Tuseme wastani ni milioni 1 kwa mwezi, milioni 12 kwa mwaka. Zidisha hiyo milioni 12 kwa 360, kisha gawanya kwa 580.

REHEMA: Napata 7,448,000 na ushee.

KASSIM: Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Sasa inagawanywa. Asilimia 40 inazidishwa kwa 12.5, ndiyo malipo ya mkupuo. Asilimia 60 inayobaki unaigawa kwa 12, ndiyo ya kila mwezi.

REHEMA: Mkupuo milioni 37.2. Kwa mwezi 372,000.

KASSIM: Sasa rudia, lakini huyu mtu daraja lake la mwisho lilicheleweshwa, wastani wake ukawa laki tisa badala ya milioni.

REHEMA: Subiri... mkupuo unakuwa milioni 33.5. Na kila mwezi 335,000.

KASSIM: Amepoteza zaidi ya milioni 3.7 siku ya kwanza, na 37,000 kila mwezi mpaka anakufa. Akiishi miaka 15 baada ya kustaafu, hiyo ya kila mwezi peke yake inakaribia milioni 6.7. Na hakuna kosa alilofanya. Faili lake lilikaa kwenye meza ya mtu.

REHEMA: Mzee, hiyo ni mbaya sana. Maana mtu akicheleweshewa mshahara tunasema atalipwa malimbikizo, yameisha.

KASSIM: Malimbikizo yanafidia tofauti kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Kama barua inasema daraja linaanza Julai mwaka huu na mshahara ukabadilika Novemba, hiyo miezi katikati unaidai. Lakini kama ulistahili miaka mitatu nyuma na barua ikaandikwa mwaka huu, ile mitatu haina barua. Hutakuwa na karatasi ya kudaia.

REHEMA: Na ndicho kilichotokea 2016.

KASSIM: Ndicho. 2016 serikali ilisimamisha upandishaji wa madaraja na ajira mpya, ili kuhakiki watumishi hewa. Watumishi hewa walikuwepo kweli na walikuwa wanakula fedha za umma, hilo silipingi. Ila gharama ya uhakiki alibebeshwa mtumishi halisi. Nyongeza ya mwaka nayo ikasimama, ikaja kurudi kwa tangazo la Mei Mosi 2023 pale Morogoro. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

REHEMA: Baadaye ukaja mserereko.

KASSIM: Mserereko ulisaidia, na waliofanya uamuzi huo nawapa haki yao. Mtu aliyeachwa nyuma akapandishwa haraka kuwafikia wenzake wa mwaka mmoja wa ajira. Lakini unakurudisha kwenye mstari kuanzia hapo kwenda mbele. Na aliyestaafu kabla daraja lake halijafunguliwa, huyo mserereko haukumfuata nyumbani. Mafao yake yalikokotolewa kwa mshahara wa chini. Nina wenzangu kadhaa wa namna hiyo. Ningependa siku moja vyama vya wafanyakazi, TUCTA na wenzake, wadai kundi hilo litazamwe upya. Ni wazee, hawaandamani, hawapigi kelele.

REHEMA: Hapo naungana nawe kabisa. Na tukumbushe kikokotoo chenyewe, hiyo fomula ya kukokotoa mafao, kimepita wapi, maana vijana wanasikia neno tu.

KASSIM: Kwa ufupi. 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa ikazaliwa PSSSF. Kanuni za mwaka huo zikaweka mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Waliokuwa PSPF na LAPF walikuwa wanapata nusu, wakaja juu, na Desemba 2018 Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa waliotoka kwenye nusu, na 35 kwa waliotoka kwenye robo.

REHEMA: Yule mwenzetu wa milioni 1, kwa fomula ya zamani ya PSPF angepata ngapi?

KASSIM: Walikuwa wanagawa kwa 540, wanachukua nusu, wanazidisha kwa 15.5. Anatoka na milioni 62, na kila mwezi 333,000.

REHEMA: Milioni 62 kwa 37.

KASSIM: Ndiyo. Serikali inasema pensheni ya kila mwezi sasa ni kubwa zaidi, na ni kweli, 372 dhidi ya 333. Wanasema pia mifuko ingeshindwa kulipa. Hoja hiyo ina uzito, mfuko ukifa hakuna anayepata. Lakini wewe umepangiwa nyumba ya serikali miaka 30, unatoka ukiwa na miaka 60, huna hata chumba. Mkupuo ndio unaojenga. Huwezi kujenga kwa 39,000 ya ziada kwa mwezi.

REHEMA: Na tulioajiriwa karibuni tuliingia tukijua fomula moja, tukakuta nyingine. Ukiuliza kwa nini hukushirikishwa unaambiwa chama kilishirikishwa. Mimi nalipa ada ya chama kila mwezi, sijawahi kuitwa kwenye mkutano wa tawi kuulizwa chochote kuhusu kikokotoo.

KASSIM: Basi itisheni ninyi. Tawi ni lenu.

REHEMA: Tutaitisha. Twende kwenye usalama wa ajira. Watu wanasema ajira ya serikali hufukuzwi. Uhakiki wa vyeti ulionyesha vingine.

KASSIM: Aprili 2017 ilikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Baadaye, 2022, serikali ikakubali kuwarudishia michango yao wenyewe ya mfuko. Aliyeghushi ameghushi. Lakini kulikuwa na kundi jingine lililochanganywa humo, walioajiriwa kwa elimu ya darasa la saba.

REHEMA: Madereva, wahudumu, walinzi.

KASSIM: Sharti la kidato cha nne lilianza tarehe 20 Mei 2004. Aliyeajiriwa kabla ya hapo hakuwa amevunja sharti lolote. Wakaondolewa hata hivyo. 2018 serikali ikaagiza warudishwe. Mhudumu aliyekuwa na barua yake ya ajira ya 1998 kwenye bahasha alirudi haraka. Aliyekuwa anategemea faili la ofisini, na faili halionekani, alihangaika sana.

REHEMA: Barua zipi mtu asikose?

KASSIM: Ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, na kila barua ya kupandishwa cheo. Na slipu za mshahara, walau ya Juni na Julai ya kila mwaka. Piga picha, jitumie kwenye barua pepe, weka na nakala kwa ndugu. Siku hizi na PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi, usiache majukumu yako hayajajazwa, maana ndiyo yanatazamwa wakati wa kupandisha.

REHEMA: PEPMIS kwa zahanati ambayo mtandao unapatikana ukipanda kilimani, mzee.

KASSIM: Hilo mwajiri aandikiwe rasmi. Andika barua, weka muhuri wa masijala kwenye nakala yako. Usimwambie kwa mdomo.

REHEMA: Swali la mwisho, kaka mmoja anasema amefukuzwa kwa utoro. Mama yake alikuwa mahututi, aliomba ruhusa kwa meseji kwa msimamizi wake, akakaa wiki mbili. Mkurugenzi kamwandikia barua ya kumfukuza. Hakupewa hati ya mashtaka. Afanye nini?

KASSIM: Ana barua mkononi?

REHEMA: Anayo, ameipokea wiki iliyopita.

KASSIM: Vizuri. Ana siku 45 tangu alipopokea uamuzi kukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Asiende kwanza CMA, chombo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi. Tangu marekebisho ya sheria ya 2016, mtumishi wa umma lazima amalize njia za ndani ya Sheria ya Utumishi wa Umma. Nimeona watu wanaanza CMA, wanatumwa Tume, wakifika siku 45 zimeshapita.

REHEMA: Na kesi yake ina mashiko?

KASSIM: Kukaa nje zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa kubwa, tusimdanganye. Meseji siyo ruhusa mpaka ijibiwe. Lakini hata mtoro anastahili hati ya mashtaka, nafasi ya kujieleza na uchunguzi. Hivyo vikirukwa, Tume inaweza kufuta adhabu. Ajue kuwa mwajiri anaweza kuanza upya, safari hii kwa kufuata utaratibu. Kwa hiyo kwenye rufaa aeleze yote mawili: utaratibu uliovunjwa na sababu iliyomtoa kazini. Aambatanishe karatasi za hospitali za mama yake, na ile meseji, ikiwa na tarehe na saa.

REHEMA: Nakala kwa mkurugenzi?

KASSIM: Lazima, na asainiwe kwamba imepokelewa. Akishindwa Tume, bado ana rufaa kwa Rais. Ila aanze leo, maana zile siku 45 zinahesabiwa pamoja na Jumamosi na Jumapili.

REHEMA: Kaka, kama unatusikia, nakutumia mfano wa barua ya rufaa jioni hii. Mzee Kassim, asante sana.

KASSIM: Karibu, mwanangu. Na yule dada wa Kanda ya Ziwa mwambie atume slipu ya Juni na ya Julai, tuone ngazi yake imeongezwa shilingi ngapi.