Siku Moja na Baiskeli Kitulo: Kuvuka Uwanda na Kulala Hemani Peke Yako

Karibu mtazamaji. Leo tupo Matamba, wilayani Makete, mkoa wa Njombe. Tunavuka uwanda wa Kitulo kwa baiskeli, mtu mmoja na mizigo yake yote, kisha tunalala hemani upande wa pili. Jana tulipanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya kona 57, na miguu bado inaikumbuka.

Kabla hujagusa baiskeli, panga siku yako kwa saa. Kilomita zisikudanganye, maana huku kilomita moja ya mteremko na moja ya mlima wenye kokoto hazifanani hata kidogo. Ni Desemba. Asubuhi anga huwa safi, ikifika saa saba au saa nane mawingu yanajikusanya, na mvua inakuja na radi. Kwa hiyo: saa kumi na mbili na nusu uwe barabarani, saa sita uwe umemaliza sehemu ya juu iliyo wazi, saa kumi hema liwe limesimama. Ukichelewa kituo kimoja, futa kinachofuata na ulale ulipo karibu na watu.

Sasa mizigo. Tazama hapa kwenye karia: vitu vizito, yaani maji, chakula na spana, vinakaa chini kabisa kwenye mabegi ya ubavuni, karibu na ekseli. Hema na nguo vinakaa juu. Ukigeuza mpangilio huu, baiskeli itakuyumbisha kwenye kona. Punguza upepo wa tairi kidogo ili liume kokoto, lakini usipunguze mpaka rimu igonge mawe. Beba tyubu mbili, viraka, gundi, pampu, pingili za mnyororo na vipira vya breki. Fundi baiskeli utamkuta vijijini, ila vipuri vyake ni vya baiskeli za kubebea viazi, huenda visiingie kwenye yako. Madigadi? Kipindi cha mvua mimi nayavua. Udongo wa huku unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma.

Kituo cha kwanza ni ofisi ya hifadhi, hapa hapa Matamba. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, kwa hiyo ulizia mambo matatu: malipo, baiskeli ipite wapi, na hema linaruhusiwa kuwekwa wapi. Waachie jina, namba ya simu ya ndugu yako, na kijiji unachotarajia kulala. Unasafiri peke yako. Lazima awepo mtu anayejua ulikoelekea.

Tunapanda. Tumia gia nyepesi kabisa, kaa kwenye tandiko, pumua kwa puani kadiri uwezavyo. Ukiona unahema kama mbuzi aliyefukuzwa, shuka usukume. Kusukuma si aibu. Wenyeji wenye magunia ya viazi wanasukuma pia, na wanafika. Sukuma ukiwa upande wa kushoto, mbali na mnyororo, na ukipumzika shika breki, la sivyo mzigo utakurudisha chini.

Hapa nataka unisikilize vizuri: jasho. Wageni wengi wanapanda na jaketi kwa sababu asubuhi ni baridi. Baada ya nusu saa fulana ya ndani imelowa chapachapa, na wakifika juu, kwenye mita kama 2,600, upepo unawakuta hivyo. Baridi ya namna hiyo haikutoki tena mchana kutwa. Anza kupanda ukisikia baridi kidogo. Ukifika juu, kabla ya picha na kabla ya chai, vua fulana iliyolowa, vaa kavu, ndipo uvae jaketi.

Na sasa tupo juu. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na Desemba hii huna haja ya kuuliza kwa nini. Hifadhi hii ina zaidi ya aina 40 za maua ya okidi, na nyingi ni ndogo, hutaziona ukiwa mbioni. Simama, angalia, usichume, na usilaze baiskeli kwenye majani, ilaze barabarani. Hakuna simba wala tembo wa kuogopa. Cha kuogopa ni radi. Uwanda huu ni majani matupu, na wewe juu ya baiskeli ndiye mrefu kuliko vyote. Ukisikia ngurumo, usingoje tone la kwanza. Teremka kutoka kwenye mgongo wa kilima, iache baiskeli mbali nawe, chuchumaa mahali pa chini pasipo na maji, miguu pamoja. Usikimbilie mti uliosimama peke yake. Subiri nusu saa tangu ngurumo ya mwisho ndipo uendelee.

Mteremko. Usibane breki mfululizo, rimu zitachemka na vipira vitaisha. Bana kwa nguvu, achia, bana, achia, mbele na nyuma kwa pamoja. Simama mara mbili tatu uguse rimu, kwa tahadhari, uone joto.

Tumefika kijijini. Usifungue hema popote. Msalimie mtu mzima wa kwanza, shikamoo, na ukijua kusema kamwene, salamu ya huku, watatabasamu, kisha uliza ofisi ya mtendaji wa kijiji. Akiwa hayupo, mwenyekiti au balozi. Jieleze umetoka wapi, unalala usiku mmoja, unaomba sehemu. Mara nyingi utaelekezwa uwanja wa shule, kanisani au uani kwa mtu. Watoto watajaa, mpe mmoja kazi ya kushika vigingi, wengine watapanga foleni wenyewe.

Hema lisikae bondeni. Hewa baridi huteremka usiku na kutuama huko, na utaamka umelowa ukungu. Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo, mgongo wa hema uelekee upepo, mlango pembeni. Acha tundu la hewa wazi hata kama unasikia baridi, vinginevyo pumzi yako itageuka maji juu ya mfuko wa kulalia.

Chakula: sahau maharage. Kwenye urefu huu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 91 tu, hivyo maharage yatakumalizia gesi bila kuiva. Nunua viazi hapa kijijini, vikate vyembamba, tupia dagaa, kitunguu na chumvi, funika. Mtungi wa gesi ukizubaa kwa baridi, uweke ndani ya jaketi dakika kumi. Usiuweke karibu na moto.

Na mwenyeji wako, kwa ukarimu, anaweza kukuletea jiko la mkaa ulale nalo. Shukuru, ota moto nje, lakini lisiingie hemani, hata kama mkaa umebaki majivu mekundu. Gesi yake haina harufu, na inaua mtu usingizini. Badala yake chemsha maji, jaza chupa isiyovuja, ivishe soksi, iweke miguuni. Simu na pawabenki vilale nawe ndani, betri hazipendi baridi.

Asubuhi hema litakuwa na umande. Lifungashe mwisho, lifunge nje ya mabegi, na ukisimama kunywa chai lianike juu ya baiskeli. Kabla ya kuondoka rudi kwa mtendaji umuage, kisha mpigie ndugu yako umwambie unaelekea Makete mjini.