Ugomvi wa Stuttgart: Wasoshalisti wa Ulaya Mbele ya Suala la Makoloni, 1907

Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, wanafunzi na wageni wetu, nawasalimu nyote kwa heshima.

Mada niliyopewa ni mivutano ya kiitikadi katika harakati za mwanzo za kimataifa za wafanyakazi. Mada hii ikitajwa, wengi wetu humkumbuka Karl Marx akipambana na Mikhail Bakunin, na wanaokumbuka hivyo hawakosei. Mimi leo nimechagua ugomvi mwingine, ule wa mkutano wa Stuttgart juu ya makoloni, uliozuka miaka 35 baada ya huo. Nimeuchagua kwa sababu hatima ya watu wa nchi kama hii yetu ilikuwamo ndani yake, na kwa sababu naamini unatufunulia udhaifu wa harakati zile kuliko ugomvi mwingine wowote niujuao.

Nianze kwa ufupi na yale ya kwanza. Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi iliasisiwa London tarehe 28 Septemba 1864, katika ukumbi wa St Martin's Hall, na tangu siku hiyo ilikusanya watu wasiofikiri mamoja: viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza, wafuasi wa Pierre-Joseph Proudhon kutoka Ufaransa ambao hawakupenda migomo na waliweka matumaini yao katika ushirika na mikopo isiyo na riba, pamoja na wakimbizi wa kisiasa kutoka nchi nyingi. Baadaye Bakunin aliingia akiwa na hoja kwamba dola yoyote, hata ikishikwa na wafanyakazi, itazaa watawala wapya. Katika mkutano mkuu wa The Hague, Septemba 1872, Bakunin na mwenzake James Guillaume walifukuzwa, Baraza Kuu likahamishiwa New York, na mwaka 1876 Jumuiya ile ikavunjwa rasmi huko Philadelphia. Walizungumza mengi juu ya Poland na Ireland, na hilo ni la kusifiwa, lakini swali lililowagawa lilikuwa dola: mfanyakazi wa Ulaya aifanyie nini dola iliyo juu yake.

Jumuiya ya Pili, iliyounganisha vyama vya kisoshalisti, ilizaliwa Paris mwaka 1889, wakati ambapo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kuigawana Afrika kwenye ramani. Mwaka 1896, kwenye mkutano wake wa London, iliwafungia mlango wafuasi wa fikra za Bakunin, na mkutano huohuo ukapitisha azimio la kutambua haki ya mataifa yote kujiamulia mambo yao. Azimio hilo lilikuwa pana na zuri, lakini halikueleza ni nani hasa anayehesabiwa kuwa taifa. Hapo ndipo palipobaki mwanya.

Aliyeupitia mwanya huo mapema na waziwazi alikuwa Eduard Bernstein. Alikuwa Mjerumani aliyeishi uhamishoni London na kupata kuwa karibu sana na Friedrich Engels, na kuanzia mwaka 1896 alianza kuandika kwamba ubepari haukuwa ukielekea kuporomoka kama ilivyotabiriwa, na kwamba wafanyakazi wangefika mbali zaidi kwa mageuzi ya hatua kwa hatua kuliko kwa mapinduzi. Rosa Luxemburg na Karl Kautsky, wanafikra wa chama chake mwenyewe, walimjibu kwa ukali, na mabishano yale ya mageuzi na mapinduzi yanajulikana vyema. Jambo ambalo halitajwi sana ni kwamba katika kitabu chake cha mwaka 1899 Bernstein aliandika pia juu ya makoloni. Alidai kwamba haki ya watu aliowaita washenzi juu ya ardhi wanayoikalia ni ya masharti tu, kwamba ustaarabu ulio juu zaidi una haki iliyo juu zaidi, na kwamba kinachompa mtu haki ya ardhi ni kuilima, si kuiteka. Naomba tulishike dai hilo la kulima, kwa kuwa nitalirudia.

Ndani ya chama chake, chama cha Kidemokrasia ya Kijamii cha Ujerumani (SPD), kulikuwa na desturi nyingine ya kuyatazama makoloni, nayo ilikuwa desturi ya kufichua maovu. Mwenyekiti wa chama, August Bebel, mtu wa kazi ya mikono aliyeanza maisha kama fundi wa kukereza mbao, alisimama bungeni mwezi Machi 1896 akamshtaki Carl Peters, afisa wa kikoloni wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, mbele ya taifa zima. Peters, ambaye huku kwetu alipewa jina la Mkono wa Damu, alikuwa amewanyonga huko Kilimanjaro mtumishi aliyeitwa Mabruk na mwanamke kijana aliyeitwa Jagodia. Mwaka uliofuata Peters alifukuzwa katika utumishi wa serikali. Bebel anastahili heshima kwa tendo lile, kwa maana hakuna mbunge aliyewahi kupata kura katika jimbo lake kwa ajili ya Mabruk na Jagodia. Hata mwaka 1907, wiki chache kabla ya mkutano ninaouzungumzia, Peters alikuwa mahakamani mjini Munich akimshtaki kwa kashfa mhariri wa gazeti la kisoshalisti la Münchener Post.

Hata hivyo, kufichua maovu ya ukoloni na kuukataa ukoloni ni mambo mawili. Januari 1904, Waherero walipoinuka katika Afrika ya Kusini-Magharibi (Namibia ya leo) na serikali ya Ujerumani ikaomba fedha za vita, wabunge wa SPD hawakupiga kura ya kupinga, walijizuia tu. Mwaka 1905 watu wa Umatumbi, kusini mwa Tanzania ya leo, waling'oa pamba katika mashamba waliyokuwa wakilazimishwa kuyalima, na vita vya Maji Maji vikaenea kusini yote. Desemba 1906 Bebel alisema bungeni kwamba kuendesha siasa ya makoloni, kwa kwenyewe, si kosa la jinai. Katika hali fulani linaweza kuwa tendo la ustaarabu, na kinachotazamwa ni namna linavyofanywa. Alisema hayo katika hotuba iliyolaani ukatili, naye aliuchukia ukatili ule kwa dhati, lakini kauli yake iliwapa hoja wale waliotaka kubaki na makoloni huku wakiyaosha.

Siku chache baadaye bunge lilikataa fedha za nyongeza za vita vya Kusini-Magharibi, Kansela Bülow akalivunja, na uchaguzi wa Januari 1907 ukapiganiwa juu ya makoloni na heshima ya taifa. Kura za SPD ziliongezeka, zikapita milioni 3.2, lakini kwa sababu ya mgawanyo wa majimbo na muungano wa wapinzani wake katika duru ya pili, viti vyake vilianguka kutoka 81 hadi 43. Wengi ndani ya chama walifasiri pigo hilo kuwa ni adhabu ya kuonekana wasaliti wa taifa, na walikwenda Stuttgart na hofu hiyo.

Mkutano wa Stuttgart ulifanyika kuanzia tarehe 18 hadi 24 Agosti 1907, ukiwa wa kwanza wa Jumuiya kufanyika katika ardhi ya Ujerumani, na ulikusanya wajumbe wapatao 900 kutoka nchi 25. Mambo mengi yalijadiliwa pale, yakiwamo vita na amani, haki ya wanawake kupiga kura, na uhamiaji wa wafanyakazi, lakini kamati ya makoloni ndiyo iliyotoa mshangao. Mwandishi wa taarifa yake alikuwa Henri van Kol wa Uholanzi, mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, na aliyeijua hali ya huko kuliko wengi waliokuwamo chumbani. Pendekezo la wajumbe walio wengi katika kamati lilisema kwamba mkutano haulaani kimsingi na kwa nyakati zote kila siasa ya makoloni, kwa kuwa chini ya utawala wa kisoshalisti siasa hiyo ingeweza kuleta ustaarabu. Bernstein aliunga mkono, akisema kwamba ulezi wa watu waliostaarabika juu ya wasiostaarabika ni jambo la lazima. Mjerumani mwenzake Eduard David alikuwa upande huo, na Ramsay MacDonald, ambaye baadaye angekuwa waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa upande huo pia.

Wajumbe wachache wa kamati, wakiongozwa na Mjerumani Georg Ledebour, walitaka sentensi ile ifutwe na mahali pake pawekwe kauli kwamba siasa ya makoloni ya kibepari, kwa asili yake yenyewe, lazima iishie katika utumwa, kazi za kulazimishwa, au kuangamizwa kwa wenyeji. Tazameni tofauti. Kwa Ledebour, viboko na mashamba ya shuruti vilikuwa ndiyo kazi yenyewe ya ukoloni. Kwa van Kol vilikuwa uchafu unaoweza kupanguswa. Kautsky alipopanda jukwaani alipinga wazo zima kwamba wanadamu wamegawanyika mafungu mawili, fungu la kutawala na fungu la kulelewa, akaonyesha kwamba kila tabaka tawala limewahi kujitetea kwa hoja hiyo, na wafanyakazi wenyewe wameisikia ikitumiwa dhidi yao.

Hotuba ninayoipenda kuliko zote ilitolewa na Julian Marchlewski, aliyejulikana huko kwa jina la Karski. Alikuwa Mpoland. Alisema kwamba wao Wapoland wanaijua maana halisi ya ulezi, kwa kuwa mfalme wa Urusi na serikali ya Prussia wote wamejifanya walezi wao. Kisha akalipinga dai kwamba ni lazima kila jamii ya dunia ipitie ubepari kabla ya kufika kwenye usoshalisti. Dai hilo ndilo lililokuwa nguzo ya upande wa pili: ikiwa historia ni barabara moja, na Ulaya imetangulia, basi anayewaburuta walio nyuma anawafanyia hisani, hata akiwaburuta kwa kamba shingoni. Marchlewski aliitikisa nguzo hiyo, naye hakuwa akitoka katika taifa lenye makoloni bali katika taifa lililogawanywa na wakubwa watatu. Sidhani ilitokea kwa bahati kwamba aliyeona mbali alikuwa yeye.

Van Kol alijibu kwa dhihaka. Alisema kwamba tukiwapelekea washenzi wa Afrika ya Kati mashine, huenda wakaizunguka wakicheza ngoma, au wakatuua, au hata wakatula, na kwa hiyo ni lazima twende huko na silaha mkononi, hata kama Kautsky ataita jambo hilo ubeberu. Maneno hayo yamo katika kumbukumbu za mkutano. Yalitamkwa na msoshalisti, mbele ya wasoshalisti, mwaka uleule ambao vita vya Maji Maji vilikuwa vinamalizikia na njaa ilikuwa ikiua watu wa kusini mwa nchi hii baada ya majeshi ya Kijerumani kuchoma mashamba na maghala. Na hapa narudia dai la Bernstein, kwamba anayelima ndiye mwenye haki. Watu wa Umatumbi walikuwa wakulima. Walikuwa na mashamba yao ya chakula kabla ya kulazimishwa kwenda kwenye mashamba ya pamba ya serikali. Kwa kipimo chake mwenyewe Bernstein haki ilikuwa yao, lakini kipimo kile hakikukusudiwa kuwapima wao.

Kura zilipopigwa, pendekezo la van Kol lilianguka kwa kura 127 dhidi ya 108, na kura 10 hazikuegemea upande wowote. Kila nchi ilikuwa na idadi yake ya kura, zile kubwa zikiwa na 20 kila moja. Ujumbe wa Ujerumani, wa chama kikubwa kuliko vyama vyote vya kisoshalisti duniani, chama cha Bebel aliyemshtaki Peters, ulikuwa upande wa van Kol. Ujumbe wa Urusi ulipinga kwa kauli moja, na nchi ndogo nyingi zisizo na makoloni ziliongeza uzito upande huo. Lenin, aliyekuwapo, aliandika baadaye kwamba sehemu ya wafanyakazi wa Ulaya ilikuwa imeanza kuishi kwa jasho la watu wa makoloni, na kwamba hapo ndipo ulipo mzizi wa kura zile. Naona maelezo yake yana nguvu, ingawa hayatoshi. Fundi wa Leipzig hakupata kitu cha maana kutokana na pamba ya Umatumbi. Kilichomfanya kiongozi wake apige kura vile ni pia hofu ya viti vilivyopotea mwezi Januari, na imani ya muda mrefu, waliyoifundishana katika vitabu vyao, kwamba maendeleo yana njia moja.

Walioshinda nao nisiwasifu kupita kiasi. Kautsky, katika kijitabu alichokitoa mwaka huohuo, aliitenganisha aina ya makoloni ya kazi, ambako walowezi wa Ulaya hujilimia wenyewe, na makoloni ya unyonyaji, akiilaani kabisa hii ya pili na kuitazama ile ya kwanza kwa upole ambao watu walionyang'anywa ardhi Australia na Amerika wasingeuelewa. Sauti za wenye nchi zilisikika kwa nadra: Dadabhai Naoroji wa India alihutubia mkutano wa Amsterdam mwaka 1904, na Bibi Bhikaji Cama akakunjua bendera ya India huko Stuttgart. Kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani hakuwapo mtu.

Mwezi uliofuata, kwenye mkutano wa chama huko Essen, Bebel alijaribu kuwapatanisha watu wake kwa kuonyesha kwamba ugomvi wa Stuttgart haukuwa mkubwa kama ulivyodhaniwa. Tarehe 4 Agosti 1914 wabunge wa chama hichohicho walipiga kura ya kutoa fedha za vita, vita ambavyo vilipiganwa hata Tanga, Taveta na Mahiwa, na ambavyo viliwabebesha mizigo maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Kiafrika hadi kufa. Jumuiya ya Tatu, ya wakomunisti, iliyoundwa Moscow mwaka 1919, iliweka mwaka 1920 masharti 21 kwa kila chama kilichotaka kujiunga, na sharti la nane lilidai kwamba vyama vya nchi zenye makoloni viunge mkono harakati za ukombozi kwa vitendo na si kwa maneno tu, na vidai mabeberu wa nchi zao wafukuzwe katika makoloni hayo. Sentensi hiyo isingepita Stuttgart. Wenye kura 108 wangeikataa, na nina hakika kwamba wengi miongoni mwa wale 127 wangeikataa pia.