Nimetembea kilomita 780, na nauli nilikuwa nayo

Haya jamani, hamjambo. Naandika haya miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Kucha mbili za mguu wa kulia zimeshaaga. Niko Santiago de Compostela, Hispania, na nimefika kwa miguu, kwa njia ya zamani ya mahujaji, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa. Kilomita kama 780, siku 34, peke yangu. Nina miaka 53.

Nilipompigia Mama kumwambia nimeanza, alinyamaza kwanza. "Mwanangu, huko Ujerumani wamekufukuza kazi?" Hapana Mama, nimechukua likizo yangu yote. "Basi hakuna?" Basi lipo, na treni ipo. "Sasa?"

Hiyo "sasa" ilikuwa nzito kuliko begi.

Siku ya kwanza unavuka Milima ya Pirenei, unapita mita 1,400 halafu unateremka Roncesvalles. Mimi mtoto wa Kibosho, Kilimanjaro, nikajisemea, milima naijua. Kumbe niliijua nikiwa na miaka 15! Usiku unalala hosteli ya mahujaji, dabo deka, na juu yako kuna mzee anakoroma kama lori la mchanga.

Kupotea ni vigumu. Wakristo wanakuja hapa Santiago, kwenye kaburi linaloaminika kuwa la Mtakatifu Yakobo, tangu zama za kati, lakini karne iliyopita njia ilikuwa imeanza kusahaulika. Mwaka 1984 padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, akachukua rangi ya njano akaanza kuchora mishale. Leo iko ukutani, kwenye nguzo, kwenye miti, hadi kwenye mawe ya shambani. Mimi ninayepotea Kariakoo nimepotea mara moja tu, mjini Burgos, na siku hiyo nilikuwa naangalia simu.

Baada ya Burgos, mpaka León, ni tambarare wanaiita Meseta. Ukitoka Carrión de los Condes kuna kilomita 17 bila kijiji hata kimoja. Ngano kushoto, ngano kulia. Hapo joto la umri wangu likanikuta juu ya joto la jua (wanawake wenzangu mmenielewa). Na hapo ndipo nikaanza kumwona Mama.

Mama alikuwa anatoka Kibosho alfajiri, mkungu wa ndizi kichwani, hadi soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Jioni anapandisha mlima kwa miguu vilevile, na sukari na mafuta ya taa mkononi. Nauli ilikuwepo, ila ilikuwa ada yangu ya shule. Mimi huku nina kitabu cha hujaji, kila ninapolala napigwa muhuri, na hapa Santiago ukionyesha umetembea walau kilomita 100 unapewa cheti. Muhuri wa Mama uko utosini, pale nywele zilipokataa kuota. Nikakaa chini, nikalia kwenye ngano za watu.

Mbele huko kuna Cruz de Ferro, msalaba wa chuma juu ya mlingoti mrefu, na desturi ni kuacha jiwe ulilotoka nalo kwenu. Miezi mingi kabla nilimwomba Mama anitumie kijiwe cha uani. Akakataa. "Mawe ya hapa yana kazi, yanashikilia mlango wa banda la kuku." Akampa mtu anayesafiri punje tatu za kahawa. Basi mtu akipita hapo akaona kahawa kwenye rundo la mawe, ajue ni ya Kibosho.

Jana nikapanga foleni, nikapewa cheti. Kimeandikwa Kilatini, hata jina langu wameligeuza Kilatini. Nikampigia Mama kwa video nikamwonyesha. Mama alikulia enzi misa ikiwa ya Kilatini. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti mstari kwa mstari, kama anayemjibu padri. Haelewi, na mimi sielewi. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa kanga.

"Vizuri. Sasa nauli ya kurudi unayo?"