Seli Mvivu Hula Jasho la Mwenzake

Nimelisema hili mpaka wanafunzi wangu hapa Tunguu wananiigiza, na leo nalisema tena: kugeuza jeni za hamira, vile viumbe hai vya seli moja moja vinavyoumua mkate, si kazi. Imulike kwa mionzi ya urujuanimno na seli zilizobadilika utazipata kibao. Kazi ni kujua seli ipi hodari.

Tuseme tunataka hamira inayotoa kwa wingi amilesi, kile kimeng'enya cha kuvunja wanga kuwa sukari. Tunazitia seli zote kwenye chupa moja. Ile hodari inatoa kimeng'enya nje, wanga unavunjika, sukari inaenea, na jirani zake wasiotoa chochote wanakula vilevile. Sinia moja la pilau, mpishi mmoja, wavivu tisa! Tena mvivu ndiye anayenenepa, maana hakuchoka kupika. Rudia kesho na keshokutwa, chupa imejaa wavivu na hodari kapotea. Nimewaona watu na shahada zao wakifanya hivi mwaka mzima, halafu wanailaumu hamira.

Dawa ni kila seli kupewa chumba chake. Maji yenye seli yanapita kwenye kimfereji cha upana wa makumi ya mikromita (mikromita elfu ndiyo milimita moja), mafuta yanayakata ubavuni, kinatoka kijitone chenye seli moja, chakula chake, na rangi inayong'aa kimeng'enya kikifanya kazi. Kimeng'enya hakina pa kukimbilia. Leza inamulika kijitone kimoja kimoja. Kinachong'aa zaidi kinavutwa kwa umeme kwenye njia yake. Ndiyo, vijitone vingi vinatoka vitupu, bila seli, na tunataka hivyo hivyo: tukizisonga seli, zitaingia mbili chumba kimoja, tumerudi kwenye sinia.

"Sahani za maabara zinatosha," mtasema. Hesabuni basi. Mwaka 2010 watafiti wa Harvard walipima takriban vijitone milioni 100 ndani ya saa 10, kwa dawa za maabara zisizofika mikrolita 150. Hiyo haijazi hata kijiko cha chai! Mwaka 2014 Waswidi wakachuja hamira za amilesi kwa njia hii hii.

Na anayenong'ona kwamba hii ni elimu ya pombe: chanjo ya homa ya ini B wanayochomwa watoto wetu hutengenezwa kwa hamira, shekhe. Baadhi ya insulini pia. Na mkate wa kumimina uliofuturia.

Naona naoneshwa saa. Haraka basi: ziko rangi zinazovuja kutoka kijitone hadi kijitone, zikivuja, mtachagua majirani wavivu waliopakwa mng'aro wa hodari. Na zilizochaguliwa zikuzeni kila moja kwenye chupa yake mpime upya, maana leza huona mng'aro tu. Bei ya mashine niulizeni nikishakunywa maji.