Kabla hujagusa kebo, tazama ruhusa za faili

Asanteni. Najua wapo waliokuja na laptop zao wakitarajia nizungumzie rauta na swichi. Leo sizungumzii rauta. Nimekuja kusema lile ninalolisema kila ninapokutana na mafundi na walimu wa TEHAMA, na nitaendelea kulisema mpaka niache kuitwa kwenye maabara ambazo watu wamebadilisha waya zote na mtandao bado haujarudi. Kwenye Linux, mara nyingi mtandao hupotea kwa sababu mtu ameharibu ruhusa za faili, na mara nyingi ameziharibu kwa amri ileile: chmod -R 777, yaani kila mtu aruhusiwe kusoma, kuandika na kuendesha folda na vyote vilivyomo.

Mnaijua. Faili imekataa kufunguka, mtu anaandika 777, inafunguka, anaendelea na kazi. Nami nasema 777 haifungui mashine. Inaifunga, na mlango wa kwanza kufungwa ni ule wa mtandao.

Niwape kisa cha shule moja ya sekondari. Maabara yake ilitegemea kompyuta moja yenye Debian, aina mojawapo ya Linux. Hiyo ndiyo iliyogawa anwani za IP kwa maabara nzima kwa kutumia dnsmasq, na ndiyo iliyobeba masomo ambayo wanafunzi huyafungua kwenye kivinjari. Mwalimu akapakia masomo mapya, ukurasa ukagoma, akaambiwa dawa ni 777. Akaandika hivi:

sudo chmod -R 777 / var/www/html

Tazameni nafasi iliyopo baada ya mkwaju wa kwanza. Nafasi moja tu. Kwa chmod hapo pana sehemu mbili: ya kwanza ni mkwaju peke yake, yaani mashine yote kuanzia kwenye mzizi, na ya pili ni folda ya var/www/html ambayo mahali alipokuwa haipo. Amri ikapita kwenye mashine nzima, kisha mwishoni ikalalamika kwamba hiyo folda ya pili haionekani. Yeye akasoma lalamiko lile la mwisho tu.

Na simlaumu. Ukiiambia rm ifute mzizi wote, inakataa. Kinga hiyo imo tangu 2006. Lakini chmod na chown, ile ya kubadilisha mwenye faili, hazina kinga hiyo mpaka uiombe mwenyewe kwa kuandika --preserve-root. Chombo kinachoweza kuharibu mashine nzima kwa nafasi moja kilipaswa kumuuliza mtu mara mbili. Hilo linaniudhi hadi leo.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndipo penye somo. Ukurasa ulifunguka! Ndiyo, maana /var/www/html nayo ilikuwa ndani ya mzizi, ikapata 777 pamoja na kila kitu kingine. Mwalimu akaridhika. Maabara ikaendelea vizuri, kwa sababu huduma zilizokuwa zinafanya kazi zilishasoma faili zao tangu mashine ilipowashwa. Kisha umeme ukakatika. Uliporudi, maabara nzima haikuwa na mtandao.

Mtu yeyote angelaumu umeme. Nao waliulaumu. Wakabadilisha kebo, wakanunua swichi mpya, wakapiga simu kwa aliyefunga nyaya. Fedha ya shule ikatoka. Na kosa lilikuwa limeandikwa kwenye kumbukumbu za mashine, kwenye mstari ambao hakuna aliyeufungua. Unaufungua kwa amri hii:

journalctl -b -u NetworkManager

Kwenye mstari huo NetworkManager, huduma inayosimamia mtandao, inasema wazi kwamba faili ya muunganisho ina ruhusa zisizo salama, kwa hiyo haitaisoma. Faili hizo zinakaa /etc/NetworkManager/system-connections, na humo mnakuwa na nywila za Wi-Fi. Zinatakiwa ziwe mali ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na zisomwe na root peke yake: namba yake ni 600. Zikiwa 777, NetworkManager inazipita kana kwamba hazipo. Anwani ya kudumu ya seva ile ilikuwa ndani ya faili hiyo. Kwa kuwa faili imekataliwa, NetworkManager ikaunda muunganisho wake wa muda na kuanza kuomba anwani kwenye waya. Imwombe nani? Mgawaji wa anwani kwenye maabara ile ni yeye mwenyewe! Seva haina anwani, dnsmasq haina cha kugawa, na kompyuta za wanafunzi zote zinasubiri.

Mwenye kusimamia mtihani wa taifa akikuta bahasha imekwisha kufunguliwa, hagawi karatasi, hata kama zote zimo na hesabu imetimia. Hawezi kujua nani amezisoma. Programu hizi zinafanya kazi kwa uaminifu huohuo, na mimi naziheshimu kwa hilo. Huduma ya SSH, ile ya kuingia kwenye mashine kwa mbali, nayo ni hivyohivyo. Ikikuta funguo zake za siri kwenye /etc/ssh zinasomwa na kila mtu, inazikataa, na ikikosa ufunguo hata mmoja, haiwaki. Kwa hiyo huwezi kuingia kwa mbali kwenda kurekebisha. Umekaa mbele ya mashine yenyewe? Unaandika sudo, nayo inakataa, kwa sababu 777 imeifuta ile alama ya setuid inayoiwezesha kupanda hadi root. Alama hiyo ni wazo la Dennis Ritchie. Aliiombea hataza mwaka 1973 na ikatolewa 1979. Bila hiyo sudo ni programu ya kawaida, haina nguvu yoyote. Ukibofya alama ya mtandao uweke anwani kwa mkono, kile kidirisha cha nywila ya msimamizi nacho kinagoma, maana msaidizi wake alitegemea alama hiyohiyo. Hivyo ndivyo kufungua kila kitu kulivyofunga kila kitu.

Hapa kuna mtu anataka kuniambia, "Mwalimu, si turudishe tu chmod -R 755 kwenye mzizi?" Nimeshaona ushauri huo ukitolewa kwa kujiamini sana. Hapana! 755 bado inamruhusu kila mtu kusoma ufunguo wa siri, kwa hiyo SSH itaukataa vilevile, na NetworkManager itakataa faili zake vilevile. Na setuid haitarudi, kwa sababu 755 haina setuid. Hakuna namba moja inayofaa mashine nzima. Faili ya nywila ina namba yake, /tmp ina yake, sudo ina yake. Ukitaka kurekebisha kwa namba moja, unarudia kosa lilelile kwa namba nyingine.

Mwingine atasema tuweke mfumo upya. Wewe mwenye intaneti ya ofisi unaweza kusema hivyo. Ubuntu ya mezani siku hizi ni zaidi ya GB 5 kuipakua, na fundi wa shule anainunulia bando mfukoni mwake. Halafu kuna alama za wanafunzi, masomo, mipangilio ambayo hakuna aliyeiandika popote. Kuweka upya kuwe hatua ya mwisho, baada ya kuokoa data.

Tunarekebishaje? Kwanza, kama umegundua kosa ukiwa bado ndani, usizime mashine na usifunge dirisha la terminali lenye root. Kama umeingia kwa SSH, dirisha hilo ndilo kamba pekee uliyobaki nayo, maana ukitoka huenda usirudi. Fanya kazi humohumo.

Kama mashine imeshazimwa kama ya shule ile, iwashe, simama kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea kabla mfumo haujawaka, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwisho wake ongeza init=/bin/bash, kisha Ctrl na X. Utaingia ukiwa root bila kuulizwa na sudo. Diski itakuwa ya kusomwa tu, basi:

mount -o remount,rw /

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu mpangilio. Usianze kutengeneza mashine nzima. Rudisha mtandao kwanza, kwa sababu mtandao ndio utakaoleta vifurushi vya programu vya kurekebisha mengine. Andikeni:

chmod 755 / /etc /usr /var
chmod 1777 /tmp
chown root:root /etc/NetworkManager/system-connections/*
chmod 600 /etc/NetworkManager/system-connections/*
chmod 600 /etc/ssh/ssh_host_*_key
chmod 440 /etc/sudoers
chown root:root /usr/bin/sudo
chmod 4755 /usr/bin/sudo
chmod 640 /etc/shadow

Kwenye sudo, chown itangulie na chmod ifuate. Sikusema hivyo kwa mazoea. Ukibadilisha mwenye faili ya programu, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inafuta setuid, kwa hiyo ukianza na chmod, chown itaifuta kazi yako. Watu wanaoandika chown -R kwenye /usr kwa jina lao la mtumiaji, wakashangaa mbona sudo na ping zimekufa, sababu ndiyo hii. Na ping, amri ya kupima kama mashine nyingine inajibu, kwenye mifumo mingine haitumii setuid, inatumia uwezo maalumu uliobandikwa kwenye faili. Nao unafutwa na chown.

Ukimaliza, andika sync, kisha exec /sbin/init, uache mashine iwake. Shule ile ilipofika hapa, anwani ilirudi, na maabara yote ikarudi nyuma yake. Ile swichi mpya haikuwa na kazi.

Mtandao ukirudi, kazi haijaisha. Kwenye familia ya Fedora na Rocky mna bahati, maana rpm, chombo chao cha kuweka programu, inakumbuka ruhusa za kila faili iliyoiweka. Ni rpm --setugids -a kwanza, kisha rpm --setperms -a, kwa mpangilio huo, na sababu nimeshaitaja. Debian na Ubuntu hazina amri ya namna hiyo. Mtasema mtaweka upya vifurushi vyote kwa apt install --reinstall. Fanyeni, itarudisha programu za /usr. Lakini dpkg, chombo ambacho apt hukitumia kuviweka, haigusi ruhusa za folda ambazo tayari zipo, na faili za mipangilio za /etc inaziachia ruhusa ilizozikuta. Yaani 777 yako inabaki palepale kwenye /etc, na wewe unadhani umepona.

Dawa ya Debian ni mashine jirani iliyo nzima, ya toleo lilelile. Kaa kwenye ile nzima ukiwa root, na kifurushi cha acl kiwe kimewekwa pande zote mbili, uandike:

getfacl -R --absolute-names /etc /usr /var > ruhusa.txt

Peleka faili hiyo kwa flashi kwenye mashine mgonjwa, kisha setfacl --restore=ruhusa.txt. Inarudisha mwenye faili, kikundi, ruhusa na setuid. Yale ambayo mashine jirani hainayo, utayapitia kwa mkono.

Naona naonyeshwa saa. Basi haraka kuhusu kosa la upande wa pili, la kubana mno. Mtu ameweka 700 kwenye /etc akidhani ndiyo usalama. Hapo root anapiga ping kwa jina na inajibu, lakini mtumiaji wa kawaida hafiki popote, kwa sababu hawezi kusoma /etc/resolv.conf, faili inayosema majina ya mtandao yaulizwe wapi. Na apt nayo inashindwa kupakua, ingawa umeiita ukiwa root, maana inapakua kwa jina la mtumiaji mwingine anayeitwa _apt. Ukiona root anafika na apt haifiki, usiende kwa kampuni ya intaneti. Tazama ls -ld /etc.

SELinux, ulinzi mwingine juu ya ruhusa hizi, sitaifikia. Wenye Fedora na Rocky waandike touch /.autorelabel kabla ya kuwasha upya, mengine tutazungumza nje. Kuna mwenzenu amekuja na mashine iliyoharibika hivihivi. Ndugu, ilete hapa mbele tuiunganishe na projekta, tuanze na journalctl.